Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Huligundua Kosa Lini?

Barua nilizopokea mwezi huu kutoka Arusha na Moshi zimekaribiana mno, ingawa waliozituma hawafahamiani. Mwanafunzi, mwalimu, fundi na mzazi, kila mmoja kwa njia yake, anauliza kinachotokea kati ya msimbo anaouandika mtu na kazi inayofanywa na kompyuta. Nimeamua kuzijibu pamoja. Nitatumia neno kompaila kwa programu inayofasiri msimbo wote kabla kazi haijaanza, na intapreta kwa programu inayousoma msimbo na kuutekeleza papo hapo. Maana hizo mbili zitahitaji kurekebishwa tunavyoendelea, na nawaomba wasomaji wavumilie marekebisho hayo, kwa sababu mkanganyiko mwingi wa wanaoanza hutokana na kuzishika jinsi zilivyo.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, naishi Sakina, Arusha. Tulifundishwa kwamba Python ni lugha ya intapreta, na kwamba intapreta husoma mstari mmoja, huutekeleza, kisha huenda kwenye mstari unaofuata. Niliandika programu ya mistari 12 ya kujumlisha mapato ya daladala ya baba. Mstari wa kwanza unachapisha salamu. Katika mstari wa 12 nilisahau mabano ya kufunga, na programu ikakataa kabisa. Hata salamu haikutokea. Siku ya pili nilisahihisha mabano, lakini katika mstari uleule nikaandika jumra badala ya jumla. Safari hii salamu ilitokea, mapato ya safari tatu yakatokea, ndipo ikakwama. Ikiwa Python inakwenda mstari kwa mstari, kwa nini kosa la mwisho wa faili lilizuia salamu iliyo mwanzoni?

JIBU: Marahaba. Ulichokiona kwenye kompyuta yako ni sahihi, na maelezo uliyopewa darasani ndiyo yaliyopungua. Nakushukuru kwa kuyaandika makosa yote mawili kwa utaratibu, maana tofauti iliyopo kati yao inafundisha mengi kuliko fasili yoyote ya daftarini.

Kiswahili kinatenganisha kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Mfasiri hupewa andiko zima, akalisoma, akaliandika upya kwa lugha nyingine, na akishamaliza msomaji hamhitaji tena. Mkalimani hukaa kati ya watu wawili akihamisha maneno yanapotamkwa, na akiondoka mazungumzo yanakatika. Kompaila ni mfasiri, intapreta ni mkalimani. Watu wa Arusha wamewaona wote wawili kazini: Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa na makao mjini hapa tangu 1995 hadi 2015, iliendesha kesi zake kwa Kiingereza na Kifaransa, ilhali mashahidi wengi walitoa ushahidi kwa Kinyarwanda, na kwa kipindi fulani maneno ya shahidi yalipitia Kifaransa kwanza ndipo yakafika kwenye Kiingereza. Ikumbuke njia hiyo ya kupitia lugha ya kati, kwa sababu Python nayo hupita njia inayofanana nayo.

Ukiiamuru Python iendeshe faili lako, haianzi na salamu. Inaanza kwa kulisoma faili lote hadi mwisho na kulifasiri. Tuseme mstari wa nane wa programu yako ni huu:

jumla = jumla + nauli * abiria

Hatua ya kwanza ni kuukata mfululizo wa herufi kuwa vipande vyenye maana, ambavyo huitwa tokeni. Kabla ya hatua hiyo mstari ni herufi na nafasi tu. Baada yake ni tokeni saba, ukiacha ile inayoonyesha mwisho wa mstari: jumla, alama ya kuweka, jumla tena, alama ya kujumlisha, nauli, alama ya kuzidisha na abiria. Hatua ya pili ni kuzipanga tokeni hizo katika mti kwa kufuata sarufi ya lugha. Hapa ndipo inapoamuliwa kwamba nauli izidishwe kwa abiria kwanza, na zao lake ndilo liongezwe kwenye jumla. Katika mti, tawi la kuzidisha hukaa chini ya tawi la kujumlisha, na la chini hufanywa kwanza. Hatua ya tatu ni kuugeuza mti kuwa maagizo mafupi ya lugha ya kati, inayoitwa msimbo wa baiti. Prosesa ya kompyuta yako, yaani kile kipande kinachotekeleza maagizo, haiifahamu lugha hiyo hata kidogo. Anayeifahamu ni mtambo mwingine, ulioundwa kwa programu, unaokaa ndani ya Python yenyewe.

Mtambo huo hufanya kazi kwa rundo, kama sahani zinavyopangwa moja juu ya nyingine na kuondolewa kuanzia juu. Tuseme jumla kwa sasa ni 12,000, nauli ni 600 na abiria ni 14. Agizo la kwanza linaweka 12,000 kwenye rundo, la pili linaweka 600 juu yake, la tatu linaweka 14 juu kabisa. Agizo la kuzidisha linachukua namba mbili za juu na kurudisha 8,400. Agizo la kujumlisha linachukua 8,400 na 12,000 na kurudisha 20,400. Agizo la mwisho linaiondoa 20,400 na kuihifadhi kwa jina la jumla. Ni maagizo sita kwa mstari mmoja, na rundo limebaki tupu, tayari kwa mstari unaofuata. Kazi hii ya mwisho, ya kusoma agizo na kulitekeleza, ndiyo ya mkalimani. Yote yaliyotangulia yalikuwa ya mfasiri.

Sasa turudi kwenye mabano yako. Python ilipokuwa ikiujenga mti ilifika mwisho wa faili huku mabano yaliyofunguliwa yakiwa bado wazi. Mti haukukamilika, kwa hiyo msimbo wa baiti haukuandikwa, kwa hiyo mtambo wa ndani haukupewa kitu cha kutekeleza. Salamu yako haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa bado haijamfikia mkalimani. Matoleo ya zamani ya Python yalikuwa yakilalamikia mwisho wa faili na kumwacha mwanafunzi akitafuta kosa mahali pasipokuwa nalo, lakini tangu toleo la 3.10, lililotoka Oktoba 2021, ujumbe wa kosa unakuonyesha mabano yaleyale yaliyofunguliwa bila kufungwa. Ukiwa bado unatumia toleo la zamani kuliko hilo, nakuhimiza ubadilishe, hata kama ni kwa sababu hiyo peke yake.

Jumra ni jambo jingine. Kwa upande wa sarufi halina tatizo: ni jina lililoandikwa kwa herufi halali, limekaa mahali ambapo jina linaruhusiwa kukaa. Python wakati inafasiri haiulizi kama kitu chenye jina hilo kitakuwepo, kwa sababu katika lugha hii jina linaweza kuzaliwa wakati wowote kazi ikiendelea. Basi agizo linaandikwa, "tafuta thamani ya jumra", na salamu inachapishwa, safari tatu zinachapishwa, na agizo hilo linapofikiwa ndipo Python inapofungua orodha yake ya majina, inamkosa jumra, na inasimama ikitangaza NameError, yaani kosa la jina.

Kosa hilohilo ungeliandika katika C au Java, lugha ambazo hutaka kila kigeu, yaani jina linaloshika thamani, kitangazwe kabla ya kutumiwa, kompaila ingelikataa faili lako lote kabla salamu haijatokea. Hiyo ndiyo tofauti inayomgusa mwandishi wa programu kila siku: kosa lipi linakamatwa msimbo unapofasiriwa, na lipi linangoja hadi kazi iwe inaendelea, pengine mbele ya mteja.

Na kuna la tatu ambalo hukulifanya, nami nalitaja kwa sababu nimeona likiwaliza wanafunzi wengi wa hapa kwetu, ambao wanapochapa haraka huziachia l na r zipishane. Tuseme ungeandika jumra upande wa kushoto wa alama ya kuweka:

jumra = jumla + nauli * abiria

Python isingesema lolote. Ingeunda kigeu kipya kiitwacho jumra, ikakipa jibu sahihi, na jumla ingebaki na 12,000 zake za awali hadi mwisho wa programu. Salamu ingetoka, safari zote zingetoka, na baba angeonyeshwa mapato pungufu bila onyo lolote kwenye kioo. Ndiyo maana nasisitiza kwamba programu iliyokubaliwa na mfasiri, ikaendeshwa hadi mwisho bila kukwama, bado inatakiwa kuhakikiwa kwa mfano ambao jibu lake umeshalikokotoa kwa kalamu.

Mwalimu wako hakukosea kabisa. Ukiifungua Python bila faili, ikakuonyesha alama tatu za >>> na kungoja, kila mstari unaouchapa hufasiriwa na kutekelezwa peke yake kabla ya unaofuata, na hapo maelezo ya mstari kwa mstari ni ya kweli. Kwenye faili siyo. Kama unataka kujionea, liite faili lako mapato.py kisha uandike amri python -m dis mapato.py, utaonyeshwa maagizo ya msimbo wa baiti bila programu yenyewe kuendeshwa. Na ukiigawa programu yako katika mafaili mawili, moja likiliita jingine, utakuta folda mpya iitwayo __pycache__. Ndani yake kuna tafsiri ya lile faili lililoitwa, iliyohifadhiwa ili siku nyingine, kama hujabadilisha kitu, kazi ya kufasiri isirudiwe.

SWALI: Ndugu Mwandishi, ninafundisha somo la kompyuta katika shule ya sekondari hapa Moshi. Katika chumba cha walimu tumebishana. Mwenzangu anasema nukuu za wanafunzi ziandikwe hivi: BASIC na Python ni lugha za intapreta, Pascal, C na Java ni lugha za kompaila. Mimi sina uhakika kwamba mpaka huo upo. Niandike nini ubaoni?

JIBU: Ndugu Mwalimu, shaka yako ina msingi, na historia ya BASIC na Pascal inatosha kuithibitisha.

BASIC ilianza kufanya kazi alfajiri ya tarehe 1 Mei 1964 katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, ikiwa imebuniwa na John Kemeny na Thomas Kurtz ili wanafunzi wasio wa sayansi nao waweze kuitumia kompyuta. Iliyoendeshwa siku ile ilikuwa kompaila: mwanafunzi alipotoa amri ya kuendesha, programu yake yote ilifasiriwa kwanza kuwa maagizo ya mashine, kisha ikatekelezwa. Lugha ambayo vitabu vingi huitaja kama mfano wa intapreta ilizaliwa mikononi mwa kompaila.

Sifa ya intapreta iliipata zaidi katika miaka ya 1970, kompyuta ndogo zilipoingia. BASIC iliyotengenezwa mwaka 1975 kwa ajili ya kompyuta ya Altair, kazi iliyowatambulisha Bill Gates na Paul Allen, ilikuwa na toleo lililotakiwa kuenea katika kumbukumbu ya kilobaiti 4, pamoja na programu ya mtumiaji. Katika nafasi finyu kiasi hicho ilikuwa nafuu kuuhifadhi msimbo wa mtumiaji peke yake na kuutekeleza kipande kwa kipande, kuliko kuweka kompaila pamoja na tafsiri itakayozalishwa. Uchache wa kumbukumbu ndio ulioamua jambo hilo. Sarufi ya BASIC haikuhusika.

Mashine za aina hiyo ndizo zilizokwenda kweli mstari kwa mstari. Kwenye Commodore 64, iliyouzwa kuanzia 1982, kosa la sarufi katika mstari wa mwisho halikujulikana hadi mstari huo ufikiwe. Mwanafunzi wa Sakina, ambaye barua yake iko hapo juu, angekuwa na mashine ile, salamu yake ingetokea na safari zake zote zingetokea kabla ya kosa la mabano kutangazwa. Nadhani maelezo anayopewa leo kuhusu Python yalitungwa kwa ajili ya mashine hizo, yakarithiwa kutoka daftari hadi daftari, nazo mashine zenyewe zikatoweka madarasani.

Pascal, iliyotolewa na Niklaus Wirth mwaka 1970 kwa makusudi ya kufundishia, ilipita njia ya kinyume. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Chuo Kikuu cha California, San Diego, kilisambaza Pascal iliyofasiriwa kuwa lugha ya kati na kutekelezwa na intapreta, ili programu moja iweze kuendeshwa katika kompyuta za aina nyingi zisizofanana. Mwaka 1983 ikatoka Turbo Pascal, ambayo ilifasiri moja kwa moja hadi lugha ya mashine, kwa kasi iliyowashangaza waliozoea kungoja. Lugha ni ileile. Zana mbili zikaishughulikia kwa namna mbili. Na Java, ambayo mwenzako ameiweka upande wa kompaila, ina kompaila inayotoa msimbo wa baiti, kisha mtambo wa Java unausoma msimbo huo na, kwa sehemu zinazorudiwarudiwa sana, kuufasiri tena kuwa lugha ya mashine kazi ikiwa inaendelea. Ukimwuliza mwenzako Java ni ya mfasiri au ya mkalimani, jibu la kweli ni kwamba imepita kwa wote wawili.

Kwa hiyo ubaoni ningeandika kwamba kompaila na intapreta ni aina za zana na si aina za lugha. Halafu ningewapa wanafunzi programu fupi yenye makosa mawili, moja la sarufi na jingine la jina, niwaombe watabiri kitakachochapishwa kabla ya kila kosa kutangazwa, ndipo tuiendeshe wote tukitazama. Kama mtihani unadai jedwali lenye safu mbili, wape jedwali ili wapate alama zao, kwa kuwa hawastahili kuadhibiwa kwa ubishi wetu. Lakini wasitoke darasani wakidhani kwamba jedwali ndilo maarifa yenyewe.

SWALI: Mimi ni fundi wa simu na kompyuta, Mbuyuni, Moshi. Kijana wangu aliniletea programu mbili za kutunza hesabu ya vipuri kwenye flashi. Moja aliiandika kwa C nyumbani kwa rafiki yake, na hapa kazini ilifunguka mara moja. Nyingine, ya Python, ilikataa. Tena ile ya C nilipojaribu kuihamishia kwenye simu haikufanya lolote. Kasoro iko wapi?

JIBU: Hakuna kasoro, Fundi. Programu ya C ilifasiriwa kule kwa rafiki, na ulicholetewa kwenye flashi ni tafsiri iliyokamilika. Mfasiri amebaki kule na kompyuta yako haina haja naye. Programu ya Python uliyoletewa ni andiko la asili. Linahitaji Python iwepo kwenye kila mashine litakapopelekwa, kama mgeni asiyejua lugha anavyolazimika kusafiri na mkalimani wake. Isakinishe Python kwenye kompyuta ya dukani na programu itafunguka.

Niliwahi kulipata somo hili mkononi nilipokuwa najifunza Pascal hapo Moshi. Nilibeba kwenye disketi programu ndogo ya kukokotoa riba, nikaipeleka katika duka la mjomba lililokuwa na kompyuta isiyo na Pascal yoyote, nikaichapa jina lake, ikaniuliza kiasi cha mkopo kana kwamba iko nyumbani. Nilikuwa nimeandika nyingine ya aina hiyohiyo kwa BASIC ya intapreta, nayo pale dukani ilikuwa faili tu ambalo kompyuta haikujua ilifanyie nini. Nakumbuka nilizifungua zote mbili kwa programu ya kuandikia barua ili nione tofauti. Ya BASIC niliweza kuisoma maneno yangu mwenyewe; ya Pascal ilikuwa alama zisizosomeka, isipokuwa ile sentensi ya kuuliza mkopo, iliyokuwa imekaa nzima katikati yake.

Kuhusu simu, tafsiri ya C imeandikwa kwa lugha ya prosesa fulani na kwa taratibu za mfumo endeshi fulani. Kompyuta nyingi za mezani zinazotumia Windows zina prosesa za ukoo wa Intel, simu nyingi zina prosesa za ukoo wa ARM, na maagizo ya koo hizo mbili hayafanani. Andiko la asili la C likifasiriwa upya kwa ajili ya simu litafanya kazi. Tafsiri ya kompyuta haiwezi kuhamishwa.

Wewe kama fundi wa simu umeshaiona kazi ya mfasiri bila kuambiwa jina lake. Programu za Android zilizoandikwa kwa Java au Kotlin husambazwa zikiwa katika msimbo wa kati. Kuanzia Android 5.0, ya mwaka 2014, simu ilikuwa ikizifasiri kuwa lugha ya mashine wakati wa kuzisakinisha, na ndiyo sababu baada ya kusasisha mfumo mteja alikaa akitazama kioo kinachohesabu programu moja baada ya nyingine. Tangu Android 7.0, ya mwaka 2016, simu huchanganya: huanza na ukalimani, hutazama ni sehemu zipi zinatumiwa mara nyingi, kisha huzifasiri hizo baadaye, mara nyingi ikiwa imechomekwa kwenye chaji na haitumiki.

SWALI: Nimeambiwa Python ni ya polepole, hivyo nianze na C. Ni kweli? Msomaji, Njiro, Arusha.

JIBU: Ni kweli kwamba kitanzi cha hesabu tupu, kikirudiwa mara milioni nyingi, huchukua muda mrefu zaidi katika Python kuliko katika C, mara nyingi kwa makumi ya mara. Sababu ni kwamba kompaila ya C imeshajua tangu mapema kuwa kigeu fulani ni namba kamili, ikaandika agizo moja la prosesa la kujumlisha, ilhali mtambo wa Python hulazimika kuuliza kila safari kama vitu viwili vilivyo juu ya rundo ni namba, maneno au kitu kingine. Wanaoitunza Python wanaendelea kuupunguza mzigo huo. Toleo la 3.11, la Oktoba 2022, lilipimwa na wao wenyewe likawa na kasi ya mara 1.25 kwa wastani ikilinganishwa na 3.10. Kwa anayeanza, programu ya kujumlisha ada au mauzo ya duka humaliza kabla hujaondoa kidole kwenye kitufe, katika lugha yoyote kati ya hizo mbili. Chagua lugha ambayo una mtu karibu wa kukusaidia, na nisingekushauri uichague kwa kasi.

SWALI: Ndugu Mwandishi, mwanangu ana miaka 10, tunaishi Ngaramtoni. Anatumia Scratch shuleni na ameanza kuonyeshwa Python na binamu yake. Kiingereza chake bado kidogo. Je, anaweza kuandika programu kwa Kiswahili, au kompyuta inaelewa Kiingereza tu? Juzi alijaribu kuhesabu ng'ombe wa babu yake na Python ikamkatalia.

JIBU: Kompyuta haielewi Kiingereza wala Kiswahili, mzazi mwenzangu, na mwanao anaweza kuliona hilo kwa macho yake. Mwambie afungue programu yoyote aliyokwisha kuitunga katika Scratch, ambako programu hutungwa kwa kuunganisha vipande vyenye maneno ili kumwendesha paka kwenye kioo, kisha abadilishe lugha kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili kwenye mipangilio iliyo juu ya ukurasa. Maneno yaliyo kwenye vipande vyote yatabadilika, lakini paka atatembea hatua zilezile. Scratch, iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, huhifadhi kila kipande kwa jina la siri la ndani ambalo mtoto halioni, na maneno yanayoonekana ni vibandiko tu vilivyowekwa juu yake. Tena vipande vyake vimechongwa kwa namna ambayo kisichostahili kuungana hakiungani. Mti ule niliomweleza mwanafunzi wa Sakina, mwanao anaujenga kwa mikono yake, na kosa la mabano yasiyofungwa haliwezi kutokea.

Python haina vibandiko. Ina maneno 35 iliyojiwekea, kama if na while, ambayo lazima yaandikwe hivyo, na idadi hiyo ni ndogo ya kutosha kwa mtoto kuyajifunza kama anavyojifunza alama za hesabu. Majina mengine anayoyabuni mwenyewe yanaweza kuwa ya Kiswahili tangu mwanzo, na ningemhimiza afanye hivyo, kwani mtoto anayeandika idadi, bei na baki anafikiri juu ya ng'ombe, wakati anayenakili majina ya kigeni bila kuyaelewa anafikiri juu ya tahajia.

Kuhusu kukataliwa, nadhani aliandika hivi:

ng'ombe = 4

Katika Kiswahili ritifaa iliyo ndani ya ng'ombe ni sehemu ya neno. Katika Python alama hiyohiyo ndiyo inayofungua maneno ya kuchapishwa, na hatua ya kwanza kabisa, ile ya kukata tokeni, haina njia ya kujua kwamba mtoto alikusudia sauti ya ng'. Ilisoma ng kama jina lililokwisha, ikaona ritifaa, ikadhani yanaanza maneno, ikatafuta ritifaa ya kufungia hadi mwisho wa mstari, ikaikosa, na ikakataa faili zima. Jina aliandike ngombe, bila ritifaa, na kila kitu kitaenda. Anapotaka neno lionekane sahihi kwenye kioo, aliweke ndani ya alama pacha za kunukuu, hivi:

print("Ng'ombe wa babu ni", ngombe)

Alama pacha zikishafungua maneno, ritifaa iliyo ndani yake huchukuliwa kuwa herufi kama herufi nyingine, na babu atasomewa neno lake likiwa limeandikwa jinsi linavyotakiwa.